Nilinunua mayai ya nzi kwa shilingi 9,500

Nilipomwambia mke wangu kwamba nimetuma shilingi 9,500 kwa M-Pesa kununua mayai ya nzi, alitua kikombe cha chai, akanitazama kwa muda, kisha akauliza: "Baba Zuhura, kwani nzi wa Ruai wamekwisha?"

Sikuwa na la kujibu. Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Majengo, Pumwani, nikashona Gikomba zaidi ya miaka thelathini, hadi magoti yakakataa kanyagio nikahamia huku Ruai kwenye kiploti changu. Cherehani ingali barazani, lakini siku hizi kinachoniamsha ni kuku: mia na hamsini, wa kienyeji walioboreshwa. Na afugaye kuku mjini anajua kwamba wanaokula ni kuku, anayekonda ni mwenye kuku. Gunia la kilo 70 la chakula cha kuku wa mayai lilikuwa linaniishia siku nne. Omena wa kuongezea protini nao nusu yao mchanga. Ndipo nikasikia habari za nzi askari mweusi, ambaye watoto wake hula taka kisha kuku wakawala wao, na ambaye wafugaji humwita BSF tu kwa kifupi cha Kiingereza, na za muuzaji mmoja wa upande wa Thika Road anayeuza kifurushi kamili cha kuanzia. Simtaji jina, maana nusu ya makosa nitakayoyasimulia ni yangu mwenyewe.

Kifurushi kilikuwa hivi: boksi la plastiki la rangi ya bluu lenye mfuniko na mteremko ndani, gramu mbili za mayai, kizimba cha wavu, karatasi ya maelezo ya kurasa mbili, na mafunzo ya nusu siku Jumamosi. Mafunzo yalikuwa mazuri. Kijana aliyetufundisha alivaa gambuti, alikuwa na subira, na alinijibu "mzee wangu" hata nilipouliza swali lile lile mara ya tatu. Alitutia mikono kwenye karai la mabuu tuone. Ukiingiza mkono mle unahisi joto, joto hasa, kama mkono uko ndani ya unga uliotoka kusagwa sasa hivi posho mili. Nikauliza moto uko wapi. Akacheka: moto ni wao wenyewe, wanavyokula na kusuguana kwa maelfu.

Hapo ndipo niliponunuliwa mimi, si mayai.

Kabla sijaenda mbali, neno moja kuhusu jina. Huku kwetu ukisema funza, watu wanafikiria miguu. Jirani yangu Mama Kamau alisikia kutoka kwa watoto kwamba mzee fundi anafuga funza, akaja na uso wa huruma, macho yanatafuta vidole vyangu vya miguu. Akaniambia pole pole kwamba kuna dawa ya kuloweka. Ilinibidi nivue kandambili nimwonyeshe. Funza wa miguuni ni kiroboto, hana undugu na haya mambo. Ninaowafuga ni mabuu, yaani watoto wa nzi kabla hawajaota mabawa. Tangu siku hiyo nasema mabuu, na nawashauri wengine mseme hivyo hivyo kama mnapenda majirani zenu.

Basi mayai yalikuja kwa boda, mwisho wa mwezi wa tano. Yalikuwa katikati ya vipande vya kadibodi vilivyofungwa kwa mpira, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la nyuma la pikipiki, na kijana wa boda alikuwa amepitia kwanza kwa wateja wengine wawili. Sijui alizunguka saa ngapi na jua la saa saba. Gramu moja ya mayai haya ina mayai zaidi ya 30,000, lakini ukiitazama ni kama chembe za semolina zilizogandamana, rangi ya krimu. Nilifungua kadibodi nikaona yamekaa kwa mistari safi, utadhani mshono. Nikafuata karatasi: "weka mayai juu ya taka." Nikamwaga ndani ya boksi maganda ya viazi, sukuma iliyooza, na matumbo ya samaki kutoka kwa mama anayekaanga samaki hapo steji, nikaweka kadibodi juu, nikafunga.

Siku ya pili, mabuu! Wamejaa. Weupe, wembamba, wanacheza kama uzi unaotoka kwenye bobini. Nilimwita mke wangu aje aone jinsi pesa yake inavyotambaa. Siku ya tano walikuwa wanene. Siku ya tisa wakaanza kugeuka vidonge vya rangi ya kahawia nyekundu. Nikampigia binti yangu Mombasa nikamwambia baba yako amewapiku wanafunzi wote wa ile Jumamosi, karatasi inasema siku kumi na nne na mimi nimeshafika kwa siku tisa.

Wiki iliyofuata nyumba yangu ilijaa nzi. Nzi wa kawaida. Wale wa chooni, wa kwenye nyama, wanaotua kwenye mdomo wa mtoto aliyelala. Nilikuwa nimewafuga kwa bidii, na chakula nimewachagulia.

Nilipiga simu kwa sauti ambayo siijivunii. Kijana akaniambia nimpigie kwa video, akaangalia boksi, akasema taratibu: "Mzee wangu, hawa si wetu." Mayai niliyolipia yalikuwa yamekauka yakafa, pengine kwenye boda, na nzi wa mtaa, waliovutwa na matumbo ya samaki, wakaingia kwenye tundu la pembeni wakataga yao.

Hili ndilo jambo ambalo karatasi yao ya kurasa mbili ilipaswa kuanza nalo, na halimo hata kwa mstari mmoja. Nzi wa nyumbani ana haraka. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja, na penye joto anaweza kumaliza safari yote, yai hadi mabawa, kwa siku saba hadi kumi. Buu lake ni jeupe, laini, limechongoka upande wa kichwa kama ncha ya sindano na limekatika butu upande wa nyuma. Ukiligeuza lile butu utaona vidoto viwili vyeusi kama macho. Si macho, ni matundu anayopumulia, ndiyo maana anaweza kuzamisha kichwa kwenye uozo akaacha matako nje. Buu la BSF ni jingine kabisa: bapa, gumu kidogo, pingili zake zinaonekana kama mikunjo ya lastiki iliyoshonwa kiunoni, kichwa kidogo kimechomoza mbele. Ngozi ina vinyweleo na ukilishika haliponyoki kama lile la kwanza. Ukishawaona wote wawili kwenye kiganja kimoja hutawachanganya tena maishani. Lakini mtu ambaye hajawahi kuona hata mmoja atajuaje?

Na tofauti si ya sura tu. Nzi wa nyumbani anatoka chooni anakuja kwenye sahani, na miguu yake hubeba vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. BSF akishakuwa mkubwa hana shughuli na chakula chako. Haumi, hana mwiba, haingii jikoni kutafuta kitu. Isitoshe, mabuu ya BSF yakishashika pahali kwa wingi, nzi wa nyumbani hawapendi tena kutaga hapo. Hilo nililithibitisha baadaye kwa macho yangu.

Muuzaji alinipa gramu mbili nyingine kwa nusu bei. Namshukuru kwa hiyo nusu, na ile nusu nyingine bado inaniuma.

Mara ya pili nilienda mwenyewe kuyachukua, nikayaweka kwenye mfuko wa koti, nikapanda matatu kama mtu aliyebeba kipimo cha maabara. Safari hii sikuyaweka juu ya taka. Nilichukua kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, nikatia chakula cha vifaranga kilicholowanishwa, juu yake kipande cha wavu wa chujio, juu ya wavu mayai, kisha nikafunika kwa kitambaa cha shifoni kilichobanwa na lastiki. Nzi wa mtaa apite shifoni yangu kama anaweza. Kopo likakaa jikoni karibu na jiko la makaa, mahali pa joto lakini si pa kuungua.

Karatasi ilisema siku nne. Zilipita tano. Asubuhi ya siku ya sita niliinua shifoni nikadhani ni vumbi. Nikavaa miwani ya kutungia sindano. Vumbi lilikuwa linatembea. Kila chembe ndogo kuliko nukta ya chaki, inashuka kutoka kwenye wavu inadondokea chakulani, na ikifika tu inazama. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa, nayo ni kalenda. Karatasi inaahidi: siku 14 tangu kuhamishia kwenye boksi, unavuna. Mimi nilihamisha siku ya tano baada ya kuanguliwa, na buu la kwanza kuanza kugeuka jeusi nililiona siku ya thelathini na moja. Nilidhani nimeharibu tena. Sikuwa nimeharibu. Buu hana kalenda ya karatasi, anahesabu joto. Ukimweka kwenye nyuzi 27 hadi 30, mayai huanguliwa kwa siku nne na buu hushiba kwa wiki mbili hivi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa saba alfajiri hapa Ruai ni nyuzi 12. Kwa baridi hiyo anakula kidogo kidogo, kama mgonjwa. Chakula kikikosekana kabisa anaweza kujikawiza miezi, hata minne, akingoja mambo yawe mema. Kijana wa gambuti alitufundisha kwenye banda lao la plastiki lenye joto la hamamu, na zile siku 14 ni za banda hilo. Angetuambia tu: rekebisheni kwa majira yenu. Mfugaji wa Mombasa atacheka akisoma haya, kwake karatasi ile ni sahihi bila marekebisho.

Nilichofanya ni kulivika boksi gunia la sufi pande zote, kulisogeza ukuta wa nyuma wa jikoni, na kuwarundika mabuu pamoja badala ya kuwatawanya. Wakikaa wengi pamoja wanajipasha. Asubuhi ukifunua mvuke unatoka.

Kuhusu kula kwao, ningeweza kuandika mpaka kesho. Wanachukia mwanga, ukifunua tu wote wanageuza vichwa chini, unaona uso mzima unazama kama maji yanavyomezwa na mchanga. Na wana sauti. Usiku, mtaa ukitulia, ukiinama juu ya boksi unasikia mchakacho mwepesi kama manyunyu juu ya majani ya mgomba. Nilimpa mjukuu wangu asikilize, akaniuliza, "Babu, wanaongea?" Nikamwambia wanatafuna, ingawa kutafuna hasa si neno lake: midomo yao inakwangua na kuvuta majimaji, ndiyo maana wanapenda kitu kilichokwisha kulainika. Wali uliochacha unaisha usiku mmoja. Papai, ndizi mbivu, ugali wa jana uliolowanishwa, sukuma iliyooza, wanamaliza. Magunzi ya mahindi, mifupa na maganda ya mayai yanabaki vile vile, usijisumbue. Unyevu upime hivi: chukua konzi ya taka, kamua kama unavyokamua leso baada ya kufua mara ya mwisho. Likitoka tone moja mawili, sawa. Yakitiririka, ongeza pumba.

Na harufu? Nitasema kweli. Boksi likiwa sawa linanuka kama udongo baada ya mvua ukichanganya na uji uliochacha. Ukilisha kupita kiasi, au ukiwapa matumbo ya samaki kama nilivyofanya mwanzo, utahamishwa mtaa. Hapa boksi lenyewe lina lawama. Kijibomba cha kutolea maji chini ni chembamba kama kalamu, kiliziba siku ya tatu, na maji yasipotoka taka inageuka tope linalonuka mkojo.

Ule mteremko nao. Buu la BSF hupitia hatua sita, na katika hatua ya mwisho hufanya jambo la ajabu: linaacha kula, linatoa kila kitu tumboni, ngozi inakuwa nyeusi, na mdomo unageuka kuwa kama ndoano ya kujivutia. Kisha linaondoka. Linatafuta pakavu penye giza likajigeuze. Ndiyo siri ya biashara yote hii: huhitaji kuwachambua, wewe tengeneza njia ya kupanda na chombo mwishoni, watajivuna wenyewe. Kwenye boksi la bluu njia ipo, lakini ni fupi, imesimama mno, na inaishia kwenye tundu linaloingia chupa ya nusu lita. Mabuu elfu ngapi na shingo moja ya chupa! Walisongamana kama abiria wa saa moja jioni pale stendi ya Muthurwa.

Usiku mmoja wa manyunyu mvuke uligandamana ndani ya mfuniko ukatiririka kwenye kuta. Hakuna aliyenifundisha kwamba plastiki ikilowa mabuu hupanda wima kama mijusi. Niliamka kuchukua udhu, nikatoka na birika, gizani, nikakanyaga kitu kilichopasuka. Nikakanyaga kingine. Nikawasha taa ya simu. Uani kote, kutoka kwenye boksi mpaka mlango wa stoo, msafara mweusi ulikuwa unakwenda bila haraka, kila mmoja anajikokota kwa ile ndoano yake. Wengine walishafika chini ya pipa la unga. Wengine walikuwa ndani ya kiatu changu cha Ijumaa, wamejipanga vizuri, pakavu, giza, hasa wanapopapenda.

Mke wangu hakusema neno siku nne. Siku ya tano alisema: "Kiatu umekikung'uta?"

Suluhisho lilikuwa kazi ya fundi. Niliutupa ule mfuniko, nikashona mwingine wa wavu wa chandarua wenye upindo wa lastiki, mvuke upite, kuta zikauke. Mteremko nikautoa, nikaweka ubao mrefu uliolala zaidi, unaoishia kwenye ndoo ya lita ishirini yenye pumba kavu. Mabuu wakianguka kwenye pumba hawapandi tena, ngozi ikikauka haishiki plastiki. Tangu hapo hakuna aliyetembelea stoo.

Kizimba cha wavu sasa. Hapa mniwie radhi nitaongea kama mtu wa kazi. Kitu hiki, ambacho kijana aliita "kizimba cha mapenzi" na akina mama wa mafunzo wakafunika midomo, kimeshonwa na mtu aliyekuwa anawahi basi. Mishono mirefu, uzi wa pamba ambao ukilowa unaoza, kingo hazikukunjwa, zipu imetiwa bila kipande cha kuziba mwisho wake, kwa hiyo pembeni kuna mwanya unaopita kidole. Nzi wa kwanza walipotoka kwenye maganda yao, kumi na kitu walipita hapo hapo. Nilikifumua chote nikakishona upya kwa uzi wa nailoni, mshono wa kukunja mara mbili, na badala ya zipu nikaweka mkono wa kitambaa kama mkono wa kanzu, unaingiza mkono na lastiki inakubana. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeona aibu kukabidhi kazi ile.

Lakini wale nzi! Mtu akiwaona mara ya kwanza anadhani ni manyigu. Weusi, warefu karibu sentimita mbili, miguu ina ncha nyeupe kama waliovaa soksi, na kiunoni wana vidirisha viwili vya kuona ng'ambo. Mama Kamau alirudi nyuma hatua tatu. Nikamwekea mmoja mkononi akatembea tu. Kwa asili ni mdudu wa bara la Amerika, ingawa leo ameenea karibu kila nchi yenye joto. Chakula hawahitaji. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea utotoni, unawanyunyizia maji tu, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo wanakufa.

Wanachohitaji ni jua. Na hii ndiyo sehemu ya pili ambayo karatasi imenyamaza. Wiki nzima ya katikati ya Agosti mbingu ya Nairobi ilikuwa kama blanketi la kijivu. Nzi wangu walikaa kwenye wavu, hawatazamani. Nikawawashia balbu ya nyumbani, hawakujali. Wakaanza kufa mmoja mmoja, mabikira wa Mungu. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, jua likatokea la kweli, na kizimba kikaamka. Madume wanashika nafasi zao, mwingine akipita wanagombana angani, jike akipita wanashuka naye, na dakika chache baadaye unawaona wawili wamegeuziana migongo, mmoja anatazama Kangundo Road na mwenzake anatazama mtoni. Siku mbili baadaye majike walikuwa wanatia mikia kwenye mianya ya vibao vitatu nilivyofunga pamoja juu ya bakuli la taka inayonuka. Hawatagi juu ya taka, wanataga karibu yake, pakavu, ili mtoto akianguliwa adondoke mezani. Kila jike hutaga rundo moja la mayai mia tano hivi, na kazi yake duniani ikawa imekwisha.

Kwa ushauri wangu, asiyetaka kero ya kizimba akiache. Nunua mayai kila mara, au anza kizimba kuanzia Septemba jua linaporudi.

Kuku walisemaje? Kuku hawakuhitaji karatasi. Sasa wakisikia mpini wa ile ndoo wanakuja mbio mabawa yamefunuka, na jogoo mkubwa amesahau heshima yake yote. Buu la BSF likikaushwa lina protini takriban asilimia 40, na mafuta mengi pia, kwa hiyo siwapi kama chakula kamili. Mavuno ya zile gramu mbili yalikuwa kilo saba mbichi. Nawapa kilo moja na nusu kwa siku, wote mia na hamsini. Omena nimeacha kabisa. Gunia sijaacha, lakini lile la siku nne sasa linaingia siku ya tano. Nikizidiwa na mavuno nawatia kwenye maji yanayochemka dakika mbili kisha nawaanika juani juu ya mabati. Anayetaka kuwauza waliokaushwa ajue KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina kiwango chake tangu 2017, si mambo ya kuuza kienyeji kwenye karatasi ya kaimati. Kinyesi chao, ambacho ni kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa, nimemwaga kwenye sukuma na kunde.

Jambo lililonisumbua moyo ni la dini. Nilimwendea maalim wa msikiti wetu nikamuuliza kama kuku hawa watakuwa halali. Akanieleza kwamba mnyama anayekula najisi kwa wingi huitwa jalala, na kuku wa aina hiyo huzuiliwa siku tatu akila chakula safi kabla ya kuchinjwa. Akaniuliza mabuu nawalisha nini. Nikasema wali, ugali, papai. Akacheka akasema basi wanakula kuliko yeye, lakini nizuie siku tatu, roho itulie. Nazuia.

Miaka yote nimepanda matatu za Kasarani nikipita kibao cha Duduville, makao ya icipe, kituo alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na siku zote nikidhani mle wanatengeneza dawa ya kuua mbu. Kumbe wanachunguza wadudu wa kila namna, na huyu wangu yumo. Mtu hupita mlangoni pa elimu yake akielekea kununua vifungo.

Kwa hiyo, kama unaniuliza pesa uitoe wapi na uizuie wapi: mayai nunua, lakini nenda mwenyewe ukayachukue jioni, usimwachie boda. Mafunzo yale ni mazuri, ningelipia tena hata peke yake, ila uliza maswali ya baridi, wingu na nzi wa nyumbani kwa sababu hayatajibiwa bila kuulizwa. Kizimba, nipe mimi chandarua kuukuu na shilingi mia nane nitakushonea kilicho bora. Boksi la bluu, ambalo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya bei, usilichukue hata kwa nusu bei. Karai mbili za juakali kutoka Gikomba na ubao zinafanya kazi ile ile vizuri zaidi.

Langu sikulitupa. Nimelikata mlango kwa kisu cha moto, nimeweka nyasi, na kuku wawili wanaatamia humo, mmoja kila upande wa ule mteremko.